Jua Kwanza Kelele Inayokusumbua

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu anayesafiri mara kwa mara na kufanya kazi akiwa njiani anaweza kupata hedifoni zisizotumia waya zinazofuta kelele, bila kununua zile za bei ya juu kabisa, na kama inawezekana, azichague kwa vigezo gani. Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila kabla mnunuzi hajatazama bei wala jina la kampuni, ajiulize ni kelele zipi hasa zinazomsumbua. Teknolojia hii haifuti kelele zote kwa kiwango kimoja, na wauzaji hawana haraka ya kulisema hilo.

Hedifoni za aina hii zina maikrofoni ndogo zinazonasa sauti ya nje, kisha saketi iliyomo ndani hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha lile lililonaswa, na mawimbi hayo mawili yanapokutana karibu na ngoma ya sikio hupunguzana nguvu. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936, ingawa vifaa vya wakati huo havikuwa na uwezo wa kulitekeleza. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, alianza kulishughulikia mwaka 1978 baada ya safari ya ndege ambamo ngurumo ya injini ilimnyima raha ya kusikiliza muziki, na hedifoni za marubani zilizotokana na kazi hiyo ziliingia sokoni mwaka 1989.

Si ajabu kwamba kazi hiyo ilianzia kwenye ndege. Ngurumo ya injini, mvumo wa magurudumu ya basi na uvumaji wa feni ni sauti nzito zisizobadilika ghafla, na hizo ndizo teknolojia hii inazimudu. Wimbi la sauti la hezi 100, yaani linalotetema mara 100 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 3.4, kwa hiyo saketi ikichelewa kidogo kutoa wimbi la kinyume, kosa hilo halionekani. Wimbi la hezi 3,000, ambako ndiko ziliko konsonanti nyingi zinazotuwezesha kutambua maneno, lina urefu wa sentimita 11 tu, na ucheleweshaji uleule unatosha kuharibu kila kitu. Hii ndiyo sababu kilio cha mtoto, kugongana kwa vyombo na maongezi ya simu ya abiria wa kiti cha nyuma hubaki yakisikika. Wakati mwingine maongezi hayo husikika bayana kuliko mwanzo, kwa kuwa ngurumo iliyokuwa ikiyafunika imeondolewa. Wengi hudhani hapo kwamba wameuziwa kifaa kibovu, kumbe kinafanya kazi yake barabara.

Kelele nyembamba za namna hiyo huzuiwa na kitu cha kawaida kabisa, yaani jinsi hedifoni zinavyoziba sikio. Hapa ndipo ningemshauri mnunuzi atumie muda wake mwingi. Akiwa dukani, azivae huku amevaa miwani yake ikiwa ni mtu wa miwani, kwa sababu mkono wa miwani huinua mto wa hedifoni nyuma ya sikio na kuacha upenyo mwembamba ambao hata mvumo mzito hupenya bila shida. Awashe kifuta kelele karibu na feni au kiyoyozi, kisha aukandamize mto kwa kiganja taratibu. Ikiwa mvumo unapungua anapokandamiza na kurudi anapoachia, hedifoni hizo hazikukaa vizuri kichwani mwake, na hakuna programu itakayorekebisha kasoro hiyo. Kwa zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, ajaribu vifuniko vya mpira vya saizi zote zilizomo katika boksi, kisha achezeshe taya kama anayetafuna. Kifuniko kinacholegea wakati huo kitalegea pia katikati ya kikao.

Maandishi ya kwenye boksi yanahitaji jicho kali zaidi. Herufi ANC humaanisha kwamba kelele inapunguzwa kwa ajili yako wewe unayesikiliza, ilhali ENC humaanisha kwamba sauti yako inasafishwa kwa ajili ya mtu unayezungumza naye kwenye simu, na haikupunguzii wewe chochote. Vifaa vingi vya bei ya chini kabisa huandika ENC kwa herufi kubwa, na mnunuzi mwenye pupa hufika nyumbani na kitu ambacho si alichokitaka. Takwimu za desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti, nazo zisimlevye mtu. Neno “hadi” linalotangulia tarakimu hizo lina kazi kubwa, kwa kuwa kiwango kinachotangazwa kwa kawaida ni kile cha masafa (yaani kiwango cha uzito au wembamba wa sauti) ambayo kifaa kilifanya vizuri kuliko yote, na hakikuambii lolote kuhusu masafa ya maongezi ya watu.

Je, aliyelipa zaidi amepata nini? Kwa ngurumo ya ndege peke yake, tofauti kati ya hedifoni nzuri za bei nafuu na zile za bei ya juu si kubwa kama bei zinavyoashiria. Tofauti hujitokeza zaidi kwenye sauti za watu, kwenye upepo unaopiga maikrofoni, kwenye ubora wa simu na kwenye vifaa vilivyotumika kutengenezea fremu. Chukua mfano wa Sony WH-CH720N zilizotoka mwaka 2023: ni za plastiki na hazikunjiki kuwa ndogo, lakini zina uzito wa gramu 192 tu, na kampuni inasema betri hudumu saa 35 kifuta kelele kikiwa kimewashwa. Kwa safari ndefu ningechagua wepesi huo kuliko fremu ya chuma, maana baada ya saa kadhaa utosi huanza kulalamika hata kama masikio yameridhika.

Upande wa kazi una tatizo ambalo matangazo hayaligusi. Unapojiunga na kikao kupitia kompyuta na kutumia maikrofoni ya hedifoni, Bluetooth ya kawaida hulazimika kubadili njia ya mawasiliano ili ipokee na kutuma sauti kwa pamoja, na papo hapo sauti unayoisikia hufifia na kuwa kama ya simu ya zamani. Hedifoni za bei kubwa nazo hukumbwa na hali hiyo zinapotumia njia hiyo ya kawaida. Dawa yake haina gharama: katika mipangilio ya kikao, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uziache hedifoni zifanye kazi ya kusikiliza tu. Ikiwa mahali ulipo pana kelele mno kwa maikrofoni ya kompyuta, basi ubora wa maikrofoni za hedifoni uwe kigezo chako cha mbele, na njia ya kuupima ni kujirekodi sauti ukiwa kando ya barabara, kisha kuisikiliza. Sifa nyingine ninayoithamini ni uwezo wa kuunganishwa na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, kwani anayeikosa hujikuta akizima na kuwasha Bluetooth kila simu inapoita.

Kwa wasafiri wa anga, tundu la waya la milimita 3.5 bado lina umuhimu, kwa sababu skrini nyingi za ndege hazina Bluetooth. Hedifoni za kufunika sikio mara nyingi huwa na tundu hilo; zile ndogo za kuchomeka huhitaji kifaa kidogo cha kurushia sauti kinachonunuliwa kando. Kuna pia suala la afya ya masikio, ambalo kwangu ndilo linalohalalisha gharama yote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa nne. Mtu anayeshindana na injini kwa kuongeza sauti ya muziki humaliza kiasi hicho upesi, lakini aliyeipunguza ngurumo yenyewe anaweza kusikiliza kwa sauti ya chini na akaridhika.

Mwisho ni uimara. Mito ya ngozi bandia mara nyingi huanza kubanduka kabla betri haijachoka, na mto uliochakaa hauzibi sikio, kwa hiyo uwezo wa kufuta kelele hupungua pamoja nao. Kabla sijalipa, hutafuta kama mito ya akiba ya toleo hilo inauzwa peke yake. Ikiwa haiuzwi, huliacha na kuchukua toleo jingine la bei hiyohiyo ambalo mito yake inapatikana, hata kama sauti yake imepungua utamu kidogo.