Kabla ya Kubishana juu ya Mungu, Jueni Mnabishania Nini

Karibu na nyumbani kwetu Magomeni kuna kijiwe cha kahawa ambapo nimekuwa nikikaa baada ya swala ya Isha kwa miaka mingi, na kama ilivyo kwa vijiwe vingi vya Dar es Salaam, mazungumzo yanayoanza na Simba na Yanga hayakawii kufika kwa Mwenyezi Mungu. Ushauri ninaoutoa hapa niliupata usiku mmoja niliposhindwa hoja mbele ya watu wanaonifahamu tangu utotoni. Naulenga kwa muumini mwenzangu anayejikuta akibishana na rafiki asiyeamini.

Rafiki yangu ni mhandisi wa umeme aliyelelewa katika ukoo wa Kilutheri na kuacha kuamini akiwa mtu mzima. Mimi huniita "shehe" kwa utani, ingawa elimu yangu ya dini haikuvuka madrasa. Usiku ule alisema haoni dalili yoyote kwamba yupo anayesikia maombi ya watu. Nikamjibu kwa kisa cha mama yangu, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wakati ambapo madaktari wenyewe hawakutupa matumaini. Tukasoma dua nyumbani siku tatu mfululizo, majirani Wakristo wakamwombea kwa namna yao, na akapona. Kijiwe kizima kikaitikia kwa kumshukuru Mungu, nami nikaagiza kikombe kingine nikidhani shauri limekwisha.

Hakukibisha kisa changu hata kidogo. Alieleza tu utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, ulioongozwa na daktari Herbert Benson na kuhusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6. Waligawanywa katika makundi matatu: walioombewa bila kuwa na hakika kwamba wanaombewa, wasioombewa ambao nao hawakuwa na hakika, na walioombewa wakiwa wameambiwa hivyo. Waliopata matatizo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili na 59 katika la tatu. Nikasema upesi kwamba Mungu hajaribiwi. Naye akaniuliza kwa upole, "Shehe wangu, kama hajaribiwi, mbona mgonjwa wako mmoja umemleta hapa kuwa ushahidi, na hawa 1,802 unawakataa?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tangu hapo nimejiwekea sharti la kutoleta mbele ya mtu ushahidi wa aina ambayo mimi mwenyewe ningeikataa kama ingenigeukia. Mgonjwa aliyepona baada ya dua akihesabiwa kuwa hoja, basi na aliyefariki baada ya dua zile zile ahesabiwe, na sote tunazikumbuka nyumba tulizokwenda kusoma dua wiki moja na kurudi msibani wiki iliyofuata.

Baadaye niliusoma utafiti ule kwa makini, nikitafuta kasoro, na kasoro zilikuwepo. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo wake, wakamwombea kwa siku 14, na hakuna aliyezizuia familia za wagonjwa kuomba zenyewe, hivyo haiwezekani kusema kwamba kundi la pili halikuombewa na mtu yeyote. Nilimpelekea hayo yote kwa furaha. Akayakubali, kisha akaniambia kwamba udhaifu wa utafiti hauwezi kukigeuza kisa changu kuwa uthibitisho. Alikuwa na haki.

Lipo pia tatizo la maneno. Anaposema "sala haifanyi kazi", yeye anafikiria maombi ya kuomba kitu, kwa kuwa neno sala katika masikio yake limebeba kila kitu, ilhali mimi natofautisha swala na dua. Katika swala tano za siku sikai nikiorodhesha haja zangu; ombi ninalolirudia katika kila rakaa ni la kuongozwa njia iliyonyooka. Tulipoteza usiku mwingi tukibishania neno moja lenye maana mbili, na nawashauri wanaobishana walifafanue mapema, hata kama wasikilizaji watachoka.

Suala la kuwepo kwa Mungu nalo ni jingine kabisa. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, alijenga hoja yake juu ya jambo la kawaida: kila tunachokiona kingeweza kutokuwepo, kwa hiyo mkusanyiko wa vitu vya namna hiyo, hata uwe mrefu kiasi gani, unahitaji kitu ambacho kuwepo kwake ni lazima. Hapo hakuna mgonjwa aliyepona wala aliyekufa, na takwimu za hospitali haziigusi hoja hiyo. Lakini anayeikubali bado hajafika kwa Mungu anayesikiliza dua, na rafiki yangu aliliona pengo hilo kabla yangu. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliwapinga vikali wanafalsafa wa mkondo wa Ibn Sina akiwa muumini, na Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, akaja kumjibu Ghazali. Nawataja kwa sababu pale kijiweni yupo mzee anayedhani kwamba kuikosoa hoja ya kumthibitisha Mungu ni kutoka katika dini.

Mzee huyo huyo ndiye aliyemwita rafiki yangu kafiri. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, lakini hata bila Katiba, neno lile halikujibu swali lolote. Na mfiwa akiuliza Mungu alikuwa wapi, msijibu kwa Ibn Sina. Mpeni maji, mkae naye.

Majuzi rafiki yangu aliniuliza ningesema nini kama mama asingepona. Nilimwambia ningeendelea kuomba. "Basi dua si ushahidi wako," akasema, "ni mazoea tu." Nusu ya kwanza nilimkubalia. Ya pili tutaishika kesho, baada ya Isha.