Kwa nini Mazingira Green Party haikuvuma

Ndugu, umeuliza inakuwaje Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, awe na sifa dunia nzima lakini chama chake, Mazingira Green Party, kisivume. Tazama Tetu, jimbo lake la uchaguzi. Mwaka 2002 aliingia bungeni kwa tiketi ya NARC, muungano mkubwa wa vyama wa wakati huo, akizoa karibu asilimia 98 ya kura. Miaka 5 baadaye, akiwa tayari na Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alikosa tiketi ya PNU, muungano mwingine mkubwa, kwenye mchujo, akagombea kwa Mazingira Green Party, akashindwa. Watu wale wale, jimbo lile lile!

Mimi naona sababu kubwa ni mfumo wetu: mshindi wa jimbo huchukua yote, na mpiga kura huogopa kuipoteza kura yake kwa mgombea aliye nje ya mrengo wa kisiasa wa eneo lake. Kura za wapenda misitu waliotawanyika nchi nzima hazijumlishwi kukipa chama viti bungeni. Tena, ili chama kisajiliwe kikamilifu, sheria ya leo inadai wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa kaunti zisizopungua 24. Bila pesa, utafikaje huko?

Inaniuma, maana Karura, msitu wa Nairobi uliotaka kunyakuliwa, alisimama yeye kuutetea, akapigwa, na leo msitu upo.