Nimefukuzwa utendaji wa kijiji, na CMA wamenikataa. Niende wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nilikuwa mtendaji wa kijiji katika halmashauri moja ya mkoa wa Lindi. Novemba mwaka jana, msimu wa korosho umepamba moto, mama aliugua nikampeleka hospitali ya Ndanda, nikakaa naye siku 11. Ruhusa niliomba kwa simu kwa mtendaji wa kata. Januari nikapewa hati ya mashtaka ya utoro, nikajibu kwa maandishi. Kuanzia Machi mshahara haukuingia, ila sikupewa barua yoyote ya kusimamishwa, nikaendelea na kazi. Tarehe 21 Julai nikapokea barua ya kufukuzwa kazi. Sikuwahi kuitwa mbele ya kamati yoyote. Agosti 12 nilifungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, na Oktoba 3 wakalitupa wakisema hawana mamlaka. Je, haki yangu ndiyo imeishia hapo? Na mshahara wa Machi hadi Julai naudai wapi? Muhuri na pikipiki ya ofisi bado ninavyo.

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na CMA, maana hapo ndipo watumishi wengi wa huku kwetu Kusini wanapopotelea. Jirani yako wa kiwanda cha kubangua korosho akifukuzwa, mlango wake ni CMA, ndani ya siku 30. Wewe ni mtumishi wa umma. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, iliongezewa kifungu cha 32A kinachokutaka umalize kwanza njia zote za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Kuna waliodhani kifungu hicho ni pendekezo tu, hadi mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, ikasema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu ya mgogoro wa namna hiyo. Kwa hiyo waliokurudisha hawakukuonea. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwenye sheria ukipotea njia siku zako zinaendelea kuhesabiwa.

Mlango wako ni Tume ya Utumishi wa Umma, Dodoma. Ungekuwa mwalimu ningekuelekeza Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo ina taratibu zake. Muda wa kukata rufaa ni siku 45 tangu upokee barua ya uamuzi. Kwako ziliisha Septemba 4, ukiwa bado unasubiri CMA. Umechelewa, ila hujafungiwa: pamoja na rufaa, omba kuongezewa muda na ueleze sababu. Kupoteza muda kwenye chombo kisicho na mamlaka, kwa nia njema, ni sababu inayosikilizwa, na uamuzi wa CMA wenye tarehe ndio ushahidi wako. Kinachonitia wasiwasi ni siku za baada ya Oktoba 3. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba mchelewaji aeleze kila siku aliyochelewa, hata iwe moja, na usitegemee Tume iwe laini zaidi. Barua yako nimeipata Oktoba 15. Andika wiki hii, usingoje mnada ujao wa korosho upate nauli ya wakili.

Sasa rufaa yenyewe. Usipoteze karatasi kukana kwamba hukuwepo. Utoro unaozidi siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi unaweza kumfukuzisha mtumishi kazi, na wewe ulikaa 11. Simama kwenye ruhusa na sababu: ujumbe wa simu kati yako na mtendaji wa kata (uchapishe, na simu yenyewe usiiuze), cheti cha kulazwa mama, na mtu aliyekushikia ofisi siku hizo.

Halafu uje kwenye hoja ambayo naiona nzito kuliko zote, nawe umeitaja kama jambo la kupita tu: hukuitwa mbele ya kamati. Sheria hairuhusu mtumishi afukuzwe mpaka ameandikiwa mashtaka, amepewa nafasi ya kutosha kujibu, na uchunguzi umefanyika. Mawili ya kwanza yalifanyika. La tatu, kwa maelezo yako, halikufanyika, au lilifanyika bila wewe kujua, na kwako matokeo ni yale yale. Soma tena barua ya kufukuzwa: inataja kamati ya uchunguzi na tarehe ya kikao? Inasema aliyeamua ni Baraza la Madiwani au Mkurugenzi? Kama barua haina maelezo hayo, andika hivyo hivyo kwenye rufaa. Shida za nyumbani ziwekee mistari miwili. Nimesoma rufaa za kurasa sita zinazosimulia ada za watoto, na mrufani hakutaja popote utaratibu uliovunjwa.

Barua unaiandika kwa Katibu wa Tume, nakala kwa mwajiri wako, ukiambatanisha hati ya mashtaka, majibu yako, barua ya kufukuzwa na uamuzi wa CMA. Nakala ya mwajiri ipeleke masjala kwa mkono wako, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Lakini usije ukadhani ukishinda ni lazima urudi ofisini kesho yake. Kasoro ikiwa ya utaratibu, Tume inaweza kuamuru shauri la nidhamu lianze upya. Ikikataa rufaa, unakwenda kwa Rais, na baada ya hapo kinachobaki ni kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo, ambayo ipo hapa Mtwara.

Kuhusu mshahara, tenganisha mambo mawili. Mshahara wa kuanzia Julai 21 unategemea rufaa. Wa Machi hadi Julai 21 ni jasho lako, hata kama kufukuzwa kwenyewe kutaonekana halali. Mtumishi aliyesimamishwa rasmi akisubiri uamuzi huwa anaendelea kupata nusu mshahara, na wewe hata kusimamishwa hukusimamishwa. Utaambiwa uliondolewa kwenye orodha ya malipo kwa sababu ya utoro. Jibu lako ni karatasi: daftari la mahudhurio, mihtasari ya mikutano ya kijiji, na kila barua ya utambulisho uliyoigonga muhuri kwa mwananchi anayekwenda benki au kumwekea mtu dhamana. Mtoro hagongi mihuri Mei na Juni. Pitia wanakijiji, upige picha nakala zao. Kisha andika barua ya madai kwa Mkurugenzi, utaje kila mwezi na kiasi, pamoja na michango ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) ya miezi hiyo, asilimia 5 yako na 15 ya mwajiri. Akikaa kimya, peleka malalamiko Tume pamoja na rufaa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi mjini, nao wanapokea malalamiko ya utendaji mbovu, ila kwenda kwao hakusimamishi siku zako za rufaa.

Muhuri na pikipiki virudishe kesho. Kuvishikilia ili walipe kwanza kunaweza kukuzalia kesi nyingine, tena ya jinai. Virudishe kwa hati ya makabidhiano yenye sahihi mbili, iandikwe humo kwamba ulikuwa ukivitumia kazini hadi Julai 21, kisha nakala moja uiweke kwenye jalada la madai ya mshahara.