Kabla hujaandika "kaibiwa", nitajie raundi alizoshinda

Wakuu, mimi ngumi nimeanza kuzifuatilia kitambo na nimebishana sana kuhusu ngumi, kuna urafiki mmoja nusura niupoteze kwa sababu hiyo hiyo, ndo maana leo nataka niongee na nyie mnaopenda huu mchezo kama mimi, hasa wale ambao pambano likiisha tu kidole kiko kwenye simu kuandika kwamba mtu kaibiwa ushindi.

Iko hivi. Tarehe 18 Mei 2024, Oleksandr Usyk na Tyson Fury, Riyadh, mikanda yote minne ya uzito wa juu mezani, anatafutwa bingwa asiyepingika wa kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Tulikua watu kama nane tunaangalia pamoja, sauti iko juu, watangazaji wanapiga kelele na sisi tunapiga kelele juu yao. Mimi nlikua upande wa Fury. Kuanzia raundi ya nne mpaka ya saba Fury alikua anafanya anachotaka, zile ngumi zake za kutokea chini zinaingia tumboni na kidevuni, raundi ya sita ndo kabisa, nlisimama nikasema mchezo umeisha huu. Halafu ikaja ya tisa, Usyk akamfumania kwa mkono wa kushoto, Fury akaanza kuyumba toka kamba hii mpaka kamba ile, refa akaingia kati akamhesabia kwa sababu kamba ndo zilimshika asianguke. Kadi za majaji watatu zikasomwa: 115-112 Usyk, 114-113 Fury, 114-113 Usyk.

Mimi hapo hapo nikaandika "kaibiwa". Sikusubiri hata dakika tano.

Jamaa yangu mmoja ambaye tumekua tukiangalia ngumi pamoja miaka na miaka akanijibu kwenye grupu kwamba Usyk kashinda kihalali. Tukaanza. Yaani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukafika mahali tunaambiana maneno ambayo hayahusiani na ngumi tena. Wiki ya pili akaniuliza swali moja tu, akasema, "Bro, acha yote, nitajie raundi saba alizoshinda Fury."

Nikaanza kuandika. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Nikasimama hapo. Ya pili? Labda. Ya kumi na mbili? Nadhani. Hizo ni sita, sasa raundi moja ya kutimiza saba naitoa wapi? Nikajikuta nimekaa na simu mkononi sina cha kuandika, kumbe siku zote hizo nlikua natetea picha mbili tatu zilizobaki kichwani, pambano lenyewe nlikua silikumbuki.

Usiku ule nikatafuta marudio, nikazima sauti kabisa, nikachukua karatasi nikachora mistari, majina mawili juu, namba moja mpaka kumi na mbili pembeni. Aisee ni pambano lingine kabisa. Zile raundi za mwanzo ambazo mimi nlikua nakumbuka Fury anafanya vituko na watu wanacheka, ukizima sauti unaona Usyk anamsogelea tu, kushoto kwa tumbo, kushoto kwa tumbo, na Fury mgongo wake unakaribia kamba. Raundi ya tatu kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Nikarudisha nyuma nikaiangalia tena, nikampa Usyk. Nilipojumlisha nikapata 115-112 Usyk, kadi ile ile ya jaji mmoja ambaye wiki mbili nzima nlikua namuita kipofu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo mmoja na yote mengine yanatoka humo: pigia alama pambano mwenyewe, raundi kwa raundi, uandike kwenye karatasi kengele inapolia, kabla hujasikia mtangazaji anasema nini na kabla hujafungua komenti za watu. Usiandike mwishoni. Ukiandika mwishoni unaandika kumbukumbu, na kumbukumbu inapenda mwisho, inapenda kelele na ile ngumi moja iliyokutoa kwenye kiti.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9, na aliyehesabiwa mara moja kwa kawaida anashuka mpaka 8. Majaji wanaangalia ngumi safi zilizofika, mashambulizi yenye tija (kumfuata mtu tu huku unapigwa sio shambulizi), nani anaendesha mchezo ulingoni, na ulinzi. Hicho cha kwanza, ngumi safi, ndo kizito kuliko vyote, mimi nikiona raundi imenichanganya najiuliza tu ningechagua kua nani kati ya hawa wawili kwa dakika hizo tatu.

Lakini kitu ambacho wengi wetu hatukielewi na ndo chanzo cha ugomvi karibu wote ni hiki: raundi ikiisha imezikwa. Haibebi kitu kwenda inayofuata. Raundi uliyoshinda kwa unyoya na raundi uliyomchapa mwenzako mpaka miguu inatetemeka bila kuanguka, zote kwa kawaida ni 10-9. Kwa hiyo bondia anaweza akashinda raundi nne kwa kishindo, zile ambazo kila mtu atazikumbuka, na mwenzake akashinda nane kimya kimya kwa jebu (ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) na miguu, na huyo wa kimya ndo mshindi, 116-112, na wala hakuna mtu kaiba. Ukiangalia kadi za Usyk na Fury utaona jaji mmoja kampa Usyk raundi saba, mwingine sita, mwingine tano. Watu watatu wamekaa pande tatu za ulingo, wametofautiana raundi mojamoja tu. Na kama sio kule kuhesabiwa raundi ya tisa, ile kadi ya katikati ingekua 114-114 na pambano zima lingekua sare. Pointi moja. Mimi nlikua nasema "refa kamuingilia Fury bure", kumbe ile hesabu ndo iliyobeba mkanda.

Mfano ambao naupenda zaidi ya huo ni Beterbiev na Bivol. Oktoba 2024 wamepigana Riyadh, kadi zikatoka 114-114, 115-113 na 116-112, kashinda Beterbiev. Mitandao ikawaka moto, Bivol kaibiwa. Februari 2025 wamerudiana hapo hapo Riyadh, kadi 114-114, 115-113, 116-112, namba zile zile, safari hii kashinda Bivol, na mitandao ikawaka tena, Beterbiev kaibiwa. Jamani. Mabondia wawili waliocheza raundi ishirini na nne bila yeyote kuangushwa, wakatoka wamegawana moja moja kwa namba zinazofanana, hiyo ni zawadi kwetu sisi mashabiki, na badala ya kukaa tuzungumzie jinsi Bivol alivyomaliza vizuri zile raundi za mwisho za pambano la pili, tulikesha tunatafuta mwizi. Mimi la kwanza niliandika 114-114, la pili Bivol 115-113, na ukiniletea karatasi yako ina namba tofauti kidogo nitakusikiliza kwa hamu.

Sisemi kwamba majaji hawakosei. Wanakosea, na saa ingine vibaya mno. Septemba 2017 Canelo na Golovkin, jaji mmoja alitoa 118-110 kwa Canelo, maana yake Golovkin kashinda raundi mbili tu kati ya kumi na mbili, hiyo hata ukizima sauti na kuzima picha huwezi kuipata. Na Lewis na Holyfield Machi 1999, Lewis kampiga jebu usiku mzima halafu ikatangazwa sare, na kadi moja ilimpa Holyfield ushindi. Hizo nazilalamikia mpaka leo. Ila angalia kitu kimoja, nazilalamikia kwa kutaja raundi. Ukiita kila pambano la karibu wizi, siku wizi wenyewe ukitokea hakuna atakayekusikiliza, na bondia aliyedhulumiwa kweli anakosa watetezi.

Kingine, zile takwimu za idadi ya ngumi wanazoonyesha kwenye skrini. Nlikua nazitumia kama rungu kwenye mabishano. Zile zinahesabiwa na watu wanaobonyeza vitufe, kila mmoja anamuangalia bondia mmoja, na jaji hazitumii kabisa. Jebu iliyogusa paji la uso na konde lililomfunga mtu pumzi zote zinahesabiwa moja. Zitumie kujua nani alikua na kazi nyingi, basi. Na klipu za sekunde ishirini ndo mbaya zaidi, ukipewa sekunde ishirini ninazozichagua mimi naweza nikakuaminisha bondia yeyote kashinda pambano lolote.

Kwenye habari za mikanda na mapambano yajayo mimi nina kanuni fupi: mpaka kuwe na tarehe, ukumbi na sahihi za wote wawili, sibishani. Na ukisikia mtu "kapoteza" mkanda, uliza kapotezea wapi. Usyk aliuachia mkanda wa IBF (moja ya yale mashirikisho manne yenye mikanda) mwezi mmoja tu baada ya kumshinda Fury, kwa sababu alikua na marudiano na Fury na IBF walitaka apigane na mpinzani waliyempanga wao kwanza, ukaenda kwa Daniel Dubois bila Usyk kupigwa hata konde moja. Akaja kuufuata mwenyewe Wembley Julai 2025, akammaliza Dubois raundi ya tano.

Na hapo kwa Dubois ndo nataka nikae kidogo maana kuna kitu bado kinaniuma. Novemba 2020 alipigana na Joe Joyce, jicho la kushoto likavimba likafunga kabisa, raundi ya kumi akapigwa jebu moja pale pale kwenye jicho, akapiga goti, akabaki chini mpaka hesabu ikaisha. Mimi niliandika kwamba ni mwoga. Niliandika kabisa, kwa jina lake, kwamba huyu hana moyo wa ngumi atafute kazi nyingine. Kesho yake ikajulikana kwamba mfupa unaozunguka jicho ulikua umevunjika. Angeendelea raundi moja angeweza kutoka pale haoni. Kijana wa miaka ishirini na tatu. Nikaifuta ile posti lakini watu walishaisoma, na mimi mwenyewe naikumbuka neno kwa neno. Miaka minne baadae, Septemba 2024, huyo huyo "mwoga" kamuangusha Anthony Joshua mara kadhaa mbele ya watu zaidi ya elfu tisini Wembley na kummaliza raundi ya tano.

Tangu siku ile sijawahi tena kumuita bondia mwoga, awe kapiga goti, awe kakataa kutoka kwenye kiti, awe kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, imerusha taulo. Kocha Eddie Futch alimzuia bondia wake Joe Frazier asitoke raundi ya kumi na tano dhidi ya Muhammad Ali mwaka 1975, Frazier anataka kuendelea na macho hayaoni, na mpaka leo hakuna shabiki mwenye akili anayesema Frazier ni mwoga. Kama kona inaweza kumpenda bondia kiasi hicho, mimi niliyekaa kwenye kochi nashindwaje angalau kunyamaza usiku mmoja nisubiri majibu ya daktari.

Septemba 2025 Crawford alipopanda madaraja mawili ya uzito kumfuata Canelo Las Vegas, niliangalia peke yangu, simu nimeiweka chumba kingine, karatasi kwenye mapaja. Baada ya raundi ya tisa nikaona mkono unataka kumpendelea Canelo kwa sababu tu nimempenda miaka mingi, nikajiuliza ngumi gani safi kafikisha hii raundi, nikaandika 10-9 Crawford. Mwisho nikapata 115-113. Kadi zikasomwa, mbili zilikua hivo hivo na moja 116-112. Ndo nikaenda kuchukua simu.

Yule jamaa yangu alikua kashatuma picha ya karatasi yake kwenye grupu. Siku hizi ndo tunavofanya, hakuna kuongea mpaka wote wawili tumetuma karatasi. Hata ile ya Usyk na Fury alishaipigia upya, kapata 114-113 Usyk, mimi nina 115-112, kwa hiyo tumebakiwa na raundi moja tu tunayobishania, ile ya tatu. Yeye anasema Fury. Nimeshaiangalia mara sita na bado naona kushoto kwa tumbo.