Kasoro ikiwa kwenye SAML, usikimbilie kubadili nywila

Kila inapotangazwa kasoro kwenye SAML, utaratibu unaotumiwa na mfumo wa kuingia mara moja (unajitambulisha sehemu moja, programu nyingi zinakufungukia), agizo la kwanza kutoka kwa wakubwa huwa lilelile: watu wabadilishe nywila. Nililisikia Septemba 2024, nikalisikia tena Machi 2025, na mara zote mbili ilinibidi nieleze kwamba nywila hazihusiki. Nawaandikia wenzangu mnaotunza mifumo ya vyuo, hospitali na Saccos, maana saa mnazopoteza kuhimiza watu wabadilishe nywila ndizo saa ambazo mlango halisi unabaki wazi.

Mfumo huu una pande mbili. Kuna seva ya utambulisho, inayokuuliza nywila na ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Halafu kuna programu zinazoiamini: mfumo wa mishahara, maktaba, GitLab (wanakohifadhi kazi zao waandishi wa programu) na nyinginezo. Ukishajitambulisha, seva inaandika hati ya XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama ili kompyuta iyasome) inayosema wewe ni nani, inaitia sahihi ya kidijitali, na kivinjari chako kinaifikisha kwenye programu. Programu haiioni nywila yako kabisa. Inachokagua ni sahihi. Kasoro ninazozizungumzia zimo kwenye ukaguzi huo.

Februari 2018 kampuni ya Duo Security ilieleza kasoro iliyozigusa kwa pamoja laibrari kadhaa za SAML, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari ambavyo programu huvitumia kukagua hati hizo. Mvamizi mwenye akaunti halali, ambaye anwani yake inaanza kwa herufi zilezile za anwani ya mlengwa, aliweza kuchomeka maoni ya XML, yaani maelezo ambayo kompyuta hupaswa kuyapuuza, katikati ya anwani yake. Sahihi haikuharibika, kwa sababu hati inaposafishwa kabla ya kukaguliwa, maoni huondolewa. Lakini laibrari ilipokuja kusoma jina, iliishia pale maoni yalipoanzia, ikamwingiza kama mtu mwingine. Ni kama karani wa benki anayekagua muhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua yako, akauona ni halali, kisha akaandika jina kutoka karatasi nyingine.

Ile ya 2024, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-45409, ilikuwa kwenye ruby-saml, laibrari ya SAML ya lugha ya Ruby inayotumiwa na GitLab, na ilinitisha zaidi. Laibrari ilitafuta alama ya uhakiki (muhtasari wa yaliyomo, unaoonyesha kama hati imebadilishwa) popote ndani ya hati, badala ya kuichukua kutoka sehemu iliyotiwa sahihi. Mwenye hati yoyote iliyosainiwa na seva yenu aliweza kutunga nyingine na kuingia kama mtu yeyote amtakaye. GitLab walitoa matoleo ya kurekebisha tarehe 17 Septemba, na ruby-saml yenyewe ilirekebishwa katika 1.17.0 na 1.12.3. Machi 2025 ikaja nyingine kwenye laibrari hiyohiyo: ilitumia visomaji viwili vya XML, REXML na Nokogiri, navyo viliweza kuielewa hati moja kwa namna mbili tofauti. Dawa yake ni toleo la 1.18.0.

Kwa hiyo sasisha programu inayopokea hati, siyo seva ya utambulisho peke yake. Hilo ni la kwanza, wala halina mjadala.

Linalosahaulika ni kwamba kusasisha hakumtoi aliyekwisha kuingia. Funga vipindi vyote vilivyo wazi, yaani watoe wote waliokwisha kuingia, watu waingie upya. Watalalamika, wavumilie. Kisha kagua vitu ambavyo mvamizi huacha ili arudi kwa njia nyingine: tokeni mpya (misimbo ya kuingilia bila nywila), funguo za SSH zilizoongezwa (za kuingilia seva kutoka mbali), akaunti ya msimamizi ambayo hakuna anayeitambua.

Halafu linganisha kumbukumbu za matukio (logi) za pande zote mbili, programu na seva ya utambulisho. Kazi hii imenifundisha kuliko mafunzo yoyote niliyohudhuria. Mtu akiingia kihalali, programu inaandika kwamba ameingia, na seva ya utambulisho nayo inaandika kwamba imetoa hati kwa ajili ya programu hiyo, muda mfupi kabla. Hati ya kughushi haikutoka kwenye seva, hivyo tukio litaonekana kwenye programu bila mwenzake upande wa pili. Hakikisha saa za mashine zote mbili zinakwenda sawa, vinginevyo utamshuku asiyehusika. Na kama kumbukumbu zenu zinafutwa baada ya siku chache, ongeza muda huo sasa, kabla hujazihitaji.

Usitumie barua pepe kama kitambulisho cha mtu. Barua pepe hubadilika, na kwenye mifumo mingine mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe. Tumia namba isiyobadilika inayotolewa na seva ya utambulisho. Kwa programu nyeti, weka hatua ya pili ya uthibitisho ndani ya programu yenyewe. GitLab walishauri hivyo mwaka 2024, pamoja na kutoruhusu wanaoingia kwa SAML kuiruka hatua hiyo.

Kwa mifumo mliyonunua, mwandikie muuzaji umuulize anatumia laibrari ipi ya SAML na toleo gani. Uliza leo, wakati hakuna dharura. Mmoja wa wauzaji wetu alituzungusha kwa ahadi kasoro ilipotangazwa, nasi tukaiondoa programu yake kwenye mfumo wa kuingia mara moja, watu wakaitumia kwa akaunti za ndani ya mtandao wa ofisi tu, mpaka alipoleta jibu kwa maandishi. Ningefanya hivyo tena bila kusita.