Maswali yenu: pale ambapo umati haujafika

Nilivutiwa na picha ya ufuko mweupe usio na mtu. Nilipofika, hata pa kutandika taulo sikupata. Fukwe tulivu bado zipo?

Zipo, ila nyingi zimewekewa kufuli. Maya Bay ya Thailand ilifurika wageni na boti hadi matumbawe yakavunjikavunjika. Juni 2018 ikafungwa. Ilipofunguliwa tena Januari 2022, papa wadogo walikuwa wamesharudi kwenye maji ya kina kifupi. Siku hizi boti haziingii tena ghubani. Hushusha watu upande wa nyuma wa kisiwa. Mimi ningechagua Lord Howe, kisiwa cha Australia, ambako wageni hawaruhusiwi kuzidi 400 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tafuta kitanda kwanza, tiketi baadaye. Na ile picha yako? Huenda ilipigwa alfajiri, au mpigaji aliwapa kisogo watu mia mbili.

Bhutan wanatoza mgeni dola 100 kwa kila usiku. Si wizi huo?

Na hapo hujalipia chumba wala chakula! Lakini si wizi. Katiba yao inataka angalau asilimia 60 ya nchi ibaki msitu daima, na msitu haujilindi wenyewe. Punguza siku za kukaa, usipunguze safari.

Meli kubwa ya kwenda Antaktika ina nafuu ya bei. Niipande?

Hapana, kama unataka kukanyaga nchi kavu. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na hata zile ndogo hushusha watu wasiozidi 100 kwa mkupuo. Utaishia kuwatazama pengwini kwa darubini.

Nataka mahali pasipo na uwanja wa ndege kabisa.

Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya Kusini. Kijiji ni kimoja, wakazi hawafiki 300, na meli kutoka Cape Town huchukua takriban wiki nzima. Baraza la kisiwa lazima likupe kibali kabla hujaondoka. Bandari yao ni ndogo na bahari ina hasira. Unaweza kufika, ukakiona kisiwa, ukakaa melini siku kadhaa ukisubiri mawimbi yatulie. Kurudi ni hivyo hivyo, kwa hiyo tiketi yako ya ndege kutoka Cape Town iwe ile inayobadilishika tarehe.