Majirani zangu wa Dominika wametokea wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natoka Lubumbashi, naishi Bronx, New York. Jengo letu limejaa watu wa Jamhuri ya Dominika. Mama wa mlango wa pili ana rangi kama ya shangazi yangu, lakini nilipomwambia asili yetu ni moja alinuna, akasema yeye si Mwafrika. Hawa ni watu gani, na mbona wamejaa huku?
Msomaji, Bronx

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkasirikie, alilelewa akaambiwa hivyo.

Columbus alifika kisiwa chao, ambacho leo wanagawana na Haiti, mwaka 1492. Wataíno, wenyeji wa hapo, waliangamia kwa ndui, njaa na kazi za sulubu migodini. Wahispania wakaleta Waafrika kwa nguvu, na mashamba ya miwa yakawameza. Vipimo vya vinasaba vya siku hizi vinaonyesha sehemu kubwa ya asili ya Wadominika ni Afrika. Sehemu nyingine kubwa ni Ulaya, na Wataíno wana sehemu ndogo.

Wewe mtu wa Congo ungefika Villa Mella, karibu na mji mkuu Santo Domingo. Kuna chama cha ngoma kiitwacho Congos del Espíritu Santo, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2001. Mtu akifa, wanampigia ngoma katika matanga ya siku tisa. Baada ya miaka mitatu ndugu hutengeneza mwanasesere wa kumwakilisha marehemu, naye humkabidhi mrithi nafasi yake, watu wakicheza. Hiyo si desturi ya Madrid!

Kwa nini basi mama yule akanuna? Tarehe 27 Februari 1844 nchi yake ilijitenga na Haiti, iliyokuwa ikiitawala, si na Hispania, na wakubwa wakahubiri kwamba weusi ni mambo ya Haiti. Rafael Trujillo, dikteta kuanzia 1930, alilifanya hilo kuwa siasa ya serikali. Oktoba 1937 askari wake waliua maelfu ya Wahaiti, na Wadominika weusi pamoja nao. Kwenye vitambulisho, mtu mweusi aliandikwa "indio", yaani mwenyeji wa asili wa Amerika. Hata mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliwavua uraia watu waliozaliwa humo humo kwa wazazi Wahaiti wasio na hati. Mimi hilo linaniuma sana. Katika nchi kama hiyo, kuitwa Mwafrika si salamu ya undugu. Ni kutiliwa shaka uraia wako.

Kuhusu New York: Trujillo alibania pasipoti. Alipouawa Mei 1961 milango ikafunguka, na vita vya 1965, vilivyoleta wanajeshi wa Marekani Santo Domingo, vikawasukuma wengi zaidi. Walianzia Washington Heights, wakaenea Bronx. Leo Marekani wako zaidi ya milioni 2. Wanawake wengi walikwenda Hispania kufanya kazi za ndani. Wasio na viza huvuka kwenda Puerto Rico kwa mashua za mbao, na wengi wamefia baharini.

Anza na chakula: muombe akufundishe mangú, yaani ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, juu vitunguu vyekundu vya siki. Mkishazoeana, muulize kwao ni wapi. Akisema Samaná, huenda babu zake ni Wamarekani weusi huru waliohamia huko 1824. Akisema San Pedro de Macorís, huenda walitoka visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza, wakaja kukata miwa.